Mti wa Kahama na Macho ya Bibi

Vumbi la mninga lina harufu tamu inayokereketa, kama tumbaku iliyochanganywa na asali kidogo, na likishaingia puani halitoki mpaka ulale na kuamka. Jumamosi mchana, nikishafunga duka langu la vipuri vya pampu hapa Kahama, huingia kwenye kibanda nyuma ya nyumba, huwasha mashine ya kukereza, na kupunguza kidogo kidogo rundo la magogo niliyorithi. Sikusomea kazi hii wala hainipatii riziki. Nilijifunza kwa kutazama, kwa kukosea, na kwa vitabu vya kuazima ambavyo michoro yake sikuielewa mpaka niliposhika patasi mwenyewe. Gogo linazunguka, maranda yanaruka, na kile ambacho mwingine angekiita kuni kinakuwa bakuli. Wateja wangu wachimbaji wakinikuta humo hunitania kwamba mama mzima nachimba mbao wakati wenzangu wanachimba dhahabu. Huwaacha wacheke. Lakini harufu hiyo, kabla haijawa harufu ya starehe yangu, ilikuwa harufu ya hofu, na kiangazi kimoja cha utoto wangu sikikumbuki kwa harufu nyingine.

Nilizaliwa katika kijiji kilichokuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Samuye. Ilikuwa nchi ya ng'ombe na pamba, tambarare na kavu, na miti yake ilikuwa imekwisha kukatwa kabla yangu. Tulipikia mabua ya pamba, na mabua yakiisha tulipikia samadi iliyokaushwa juani. Kwa hiyo rundo la magogo lililokuwa katika banda la Babu lilikuwa kitu cha ajabu. Babu, baba yake baba yangu, alikuwa akienda misitu ya Kahama kwa mkokoteni wa ng'ombe na kurudi na mninga na mkola, na kila gogo alilipaka samadi kwenye ncha zake ili likauke taratibu bila kupasuka, kisha akalipanga uchagani. Alikuwa akikereza miguu ya vigoda na mipini ya majembe, lakini nadhani alipenda kukusanya kuliko kutumia. Mgeni aliyepita mlangoni mwa banda hakukosa kulitazama rundo lile kama mtu mwenye njaa anavyotazama ghala. Wazee wanasema ukuni ulio uchagani hucheka ulio motoni. Ule wetu ulicheka kwa miaka mingi, na haukujua nini kinaungoja.

Babu alipofariki, baba yangu alifikiri kuligawa rundo lile kwa wenye tanuri za matofali. Bibi alikataa. Alisema mti uliotembea kutoka Kahama haukutembea ili ukachomwe, na kwamba kama ukibaki pale utaliwa na mchwa, basi yeye ataumaliza. Alikuwa na njia ya kuumaliza. Babu alikuwa ameifunga mashine yake ya kukereza juu ya miguu ya cherehani kuukuu ya Bibi. Ulikanyaga kama unayeshona, mkanda wa ngozi ukavuta gurudumu, na gogo likazunguka kati ya misumari miwili minene. Bibi alikuwa amekanyaga cherehani ile ujana wake wote, kwa hiyo miguu yake ilijua kazi kabla mikono haijajifunza. Baada ya arobaini ya Babu alianza kukaa bandani kila siku, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya upepo. Tulisikia mvumo wa gurudumu na mkwaruzo wa patasi, kisha mkwaruzo mwembamba wa msasa, ambao ulichukua muda mrefu kuliko yote, kwa maana Bibi hakupenda kitu kinachokwaruza. Alitoka jioni akiwa amegeuka rangi ya kahawia kuanzia kilembani hadi vidoleni, na mkononi ana bakuli dogo, au pia ya kuzungushwa na watoto, imepakwa nta mpaka inang'aa. Nadhani alikuwa anaomboleza. Wakati ule niliona anacheza tu.

Macho yake yalianza kuwa mekundu kabla ya mavuno ya pamba kumalizika. Katika nchi yetu wakati ule, na sisemi kwamba hofu hiyo imekwisha, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hakuwa mtu salama. Kila mtu alijua kwamba moshi wa samadi huyafanya macho mekundu, maana kila mtu aliamka nao. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuogopa ni kingine. Mama mwenye mume na wana wengi, macho yake mekundu yalikuwa moshi. Mjane, jirani yake akifiwa na ndama, macho yaleyale yalikuwa ushahidi wa uchawi. Nilikuwa nimekwisha kusikia habari za bibi mmoja wa ng'ambo ya korongo aliyekutwa asubuhi nyumbani kwake, na nilisikia jinsi watu wazima walivyoshusha sauti walipolitaja jambo hilo. Hawakusema aliuawa. Walisema, walikuja watu. Maneno hayo mawili yalinitisha kuliko kama wangesema kila kitu, kwa sababu watu ndio waliotuzunguka.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Baba Shija, na ndama wake walianza kufa mwezi uleule. Walivimba shingo, wakalegea, wakafa. Alikwenda kwa mganga mbali, akarudi kimya, na kimya chake kilikaa katikati ya kaya zetu mbili kama ua wa miiba. Mama Shija, aliyezoea kuja kwetu kuomba kaa la moto, sasa alipita mlangoni petu na kwenda kuomba mbali. Watoto wake waliacha kumwamkia Bibi. Walikuwa wakimwona wanainama, wanajifanya wanatafuta kitu chini. Bibi aliwaitikia hivyo hivyo, marahaba wanangu, shikamoo ambayo hakupewa. Nilipotembea naye nilijifunza kutazama mikono ya watu badala ya nyuso zao. Nilitaka kujua wamebeba nini.

Nyumbani hatukulitaja jambo hilo kwa jina lake, lakini tulianza kulipiga vita. Mama yangu alihamisha jiko la Bibi nje, kisha akamkataza kupika kabisa. Alimwosha macho kwa maji ya chai yaliyopoa. Macho yalibaki kama makaa. Ndipo ng'ombe akamkanyaga Bibi mguu wakati wa kukamua, ukavimba, akashindwa kukanyaga mashine. Alikaa kivulini akichambua choroko, na kabla uvimbe haujaisha macho yake yalikuwa meupe kama ya mtoto. Mama yangu ndiye aliyeliona. Aliacha ufagio, akamshika Bibi kidevu na kumgeuzia uso kwenye mwanga, jambo ambalo mkwe hamfanyii mama mkwe, akasema, "Mama, haukuwa moshi. Ni ule unga wa mbao." Nakumbuka jinsi sote tulivyocheka, hata Baba, kwa wepesi wa watu walioteremsha mzigo. Adui alikuwa vumbi. Bibi alifunga banda kwa kamba, na Mama akahakikisha anapita kisimani kila siku, kilemba kimerudishwa nyuma, ili kila mtu amwone.

Watu walimwona. Siku moja Mama alirudi kutoka kisimani na ndoo isiyojaa. Baba alikuwa anasokota kamba ya ng'ombe, nami nilikuwa karibu nao. Mama aliongea kama anayesoma tangazo. "Wanasema ameyafunga macho yake," alisema. "Wanasema mwenye macho ya kawaida hana haja ya kuyabadilisha. Amejua ameonekana, akayawekea dawa." Baba aliacha kusokota. Nami nilielewa, kwa akili ya mtoto iliyokuwa imekomaa ghafla, kwamba tumenasa. Macho mekundu yalikuwa ushahidi, na macho meupe yalikuwa ushahidi mkubwa zaidi. Tulikuwa tumetumia dawa pekee tuliyokuwa nayo, na dawa ndiyo iliyomhukumu mgonjwa. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Nilijifunza kwamba aliyekwisha kuamua naye haambiwi, hata ukimwonyesha.

Kiangazi kile siafu walikuwa wengi, na Bibi alikuwa na desturi ya kumwaga majivu kuzunguka nyumba yake ili wasiingie. Asubuhi moja nilipotumwa kumwamsha nilikuta majivu yamekanyagwa. Zilikuwa nyayo za katambuga, zile ndara za mpira wa gari, na mistari ya tairi ilionekana vizuri kama imechorwa. Zilikuja mpaka chini ya dirisha, zikasimama pamoja, vidole vikielekea ukutani, kisha zikarudi. Nilimwita Baba. Yeye naye alivaa katambuga, kama wanaume wengi, akaweka mguu wake kando ya unyayo mmoja na kuutazama kwa muda. Haukuwa wake. Alichukua tawi na kufuta kila kitu haraka, akisema Bibi asijue. Tulipogeuka, Bibi alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitenge chake, na hakuonekana kama mtu aliyeamka wakati huo.

Baba alitaka aondoke siku ileile, aende Kahama kwa shangazi yangu, dada yake Baba. Alimwomba kwa heshima zote, kisha akamwomba bila heshima, akapandisha sauti. Bibi alimngoja amalize. Alisema akiondoka sasa atakuwa amekiri, na sisi tutakaobaki tutabaki na jina. Mjukuu wake huyu, alisema akininyooshea kidole, ataolewa na nani? Kisha akasema jambo ambalo tangu siku hiyo sijaweza kulisikia kama hasira, ingawa huenda lilikuwa hasira. "Kama nitakufa kwa ajili ya macho, mwanangu, waje wayaone yanavyotengenezwa." Akamwambia Baba atoe mashine bandani na kuiweka uwanjani, pale njia ya kisimani inapopita, na magogo yote yasogezwe karibu. Alisema ataumaliza mti wa marehemu mbele ya watu.

Alianza asubuhi, macho yakiwa meupe, na kila aliyepita aliyaona. Kufikia jua la utosi yalikuwa yanatoa machozi, na wale waliorudi kutoka kisimani waliyakuta mekundu. Hakuficha. Aliinua uso na kuwasalimu kwa majina. Mwanzoni watu walipita upande wa mbali wa njia. Baadaye walisimama. Maranda ya mninga yakiruka juani yana uzuri wake, na ni vigumu kwa mtu kuogopa na kushangaa kwa wakati mmoja. Watoto walikuwa wa kwanza, kwa sababu ya zile pia za kuchezea. Kisha wakaja vijana, na kijana mmoja, ambaye kijiji kizima kilijua ameshindwa mahari, alijitia ushujaa akasema, "Bibi, nikerezee mke. Hawa wa ng'ombe siwawezi." Bibi hakuinua kichwa. "Nitakukerezea, mjukuu wangu. Wa mninga hali ugali wala hadai kanga. Lakini uso wako huo, hata yeye atageukia ukutani." Watu walicheka, na mimi niliyekuwa nakusanya maranda nililipima lile cheko kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo. Nililiona lina kina. Nililala vizuri siku hiyo.

Kila bakuli lililokamilika Bibi alilitoa bure. Alimpa aliyesimama karibu, yeyote, naye alipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Hata Mama Shija alipokea, akiwa amefunikwa kanga mpaka machoni. Mzee Ngassa, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alikuja akaketi siku nzima kwenye kigoda, bila kusema alichokuja kukifanya, akitazama mashine, akitazama uso wa Bibi, akitazama tena mashine. Jioni naye akapewa bakuli lake. Rundo lilipungua. Baba alianza kusema kwamba tukifikia msimu wa mvua, tutakuwa tumepona.

Kisha nikatumwa kutafuta mbuzi aliyepotea, nikashuka korongoni mahali ambapo watu wa kwetu hutupa vitu wasivyotaka virudi. Niliyaona mabakuli ya Bibi. Hayakuwa yamevunjwa wala kuchomwa. Kila moja lilikuwa limelazwa limefunikwa mdomo chini, yametapakaa mchangani kama migongo ya kobe, na nta yake ilikuwa bado inang'aa. Pia za watoto nazo zilikuwa humo. Mama zao walikuwa wamezikusanya. Nilisimama pale nikiwa sisikii chochote isipokuwa nzi. Mpaka siku ile nilikuwa nimeogopa watu wanaotuchukia, na nilikuwa na picha yao: wanaume, panga, uso uliopakwa masizi. Sasa niliwaona wale waliocheka, waliosema ahsante Bibi, wakishuka mmoja mmoja kwenye korongo lile, kila mmoja akidhani yuko peke yake, na kulikuta bakuli la mwenzake. Nilimwambia Mama. Alinikataza kumwambia yeyote, na akakataza tusiyaokote, kwa sababu tukiyaokota watajua kwamba tumejua. Kwa hiyo nilirudi kukusanya maranda, na kila bakuli jipya lilipotolewa nilijua linakwenda wapi. Bibi aliendelea kupiga msasa kila moja kwa uangalifu uleule. Sijui kama alijua. Wakati mwingine nadhani alijua tangu la kwanza.

Mzee Ngassa alirudi mawingu ya kwanza yalipoanza kukusanyika upande wa ziwa. Alikuja peke yake, bila fimbo, na alikuwa na bakuli lake mkononi. Lilikuwa na mstari wa maziwa yaliyoganda ndani. Aliketi chini, si kwenye kigoda, akalizungusha bakuli mapajani kwa muda. Baba, Mama na mimi tulikuwepo, naye hakutufukuza.

"Mama," alimwambia Bibi, "mimi ninanywea humu. Ninanywea peke yangu. Mke wangu ameniambia nisiliweke pamoja na vyombo vyake." Bibi aliacha kukanyaga, gurudumu likaendelea lenyewe kidogo kisha likasimama. "Nimeona macho yako yanavyoanza na yanavyokwisha. Ningeulizwa, ningesema. Lakini anayeogopa haulizi, na mimi ni mtu mmoja. Nenda kwa binti yako. Nenda, mama, kabla sijaja kuitwa hapa asubuhi."

Bibi alimtazama, na machozi ya vumbi yalikuwa yanashuka kama kawaida ya saa ile, hivi kwamba hakuna aliyeweza kusema kama alikuwa analia. Alimwuliza swali moja tu, kama wajukuu zake watakaa salama akienda. Mzee Ngassa alisema kwa hilo anaweza kusimama. Basi Bibi akasema sawa, na mti uliobaki aende nao. Lori la pamba lilimchukua mchana kweupe, mashine na magogo yakiwa juu ya marobota. Hakuaga nyumba kwa nyumba. Majirani walisimama milangoni, na nikaona wengine wanalia, na sikuweza kuamua kama niwachukie kwa machozi yale au niyakubali. Mpaka leo sijaamua. Ndama wa Baba Shija waliendelea kufa baada ya yeye kuondoka. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba walikosea.

Kahama Bibi aliishi miaka mingi. Mjini hakuna aliyejua mumewe alikufa lini, wala ng'ombe wa nani walikuwa wagonjwa. Macho yake yakiwa mekundu watu walisema vumbi la barabara. Alikufa kitandani, ameshikwa mkono na shangazi yangu, akiacha patasi zake, mashine, na magogo ambayo hakuwahi kuyamaliza. Nilipohamia huku nikiwa nimeolewa, yakawa yangu.

Leo miti imerudi katika nchi ya Samuye. Ngitili, yale malisho ya akiba, zimefungwa, ng'ombe hawaingii humo mpaka kiangazi kikali, na ukipita baada ya mvua unaweza kudhani hapajawahi kuwa uwanda mtupu. Ndama wanachanjwa. Redioni wanasema kila mara kwamba macho mekundu ni ugonjwa au moshi, na wanaowaua wazee wanapelekwa mahakamani. Mashine yangu inaendeshwa na umeme, nami huvaa miwani mipana ya plastiki inayobana kichwa, na kitambaa puani, kwa sababu nilisoma vumbi hili linafanya nini na nikaamini. Hata hivyo kuna siku jasho hunizidi nikaivua. Jumapili yake, sokoni, muuza nyanya huniuliza, Mama Limi, umelia, au hukulala? Ni swali la upole, nami hulijibu kwa upole. Lakini najua ni mwanamke wa namna gani anayeulizwa hivyo. Nina miaka hamsini na kidogo, mume wangu yuko hai, watoto wanapiga simu, duka linakwenda, na hakuna jirani anayekwenda mbali kuomba kaa la moto. Macho yangu ni moshi.

Rundo bado ni kubwa. Kwa mwendo wangu wa Jumamosi moja moja litanifikisha kwenye umri aliokuwa nao Bibi kiangazi kile. Huwa nachagua gogo, nalifunga kwenye mashine, na kabla sijawasha hunijia kwamba sijui bado kama dunia imebadilika, au ni mimi tu ambaye sijazeeka.